Makumbusho Yanamkumbusha Nani?

Ukiwa ndani ya daladala Dar es Salaam ukamsikia konda anaita "Makumbusho, Makumbusho!", hakuiti ukatazame mafuvu. Anataja stendi. Pale Kijitonyama watu hushuka, hubadili gari, hununua vocha na mahindi ya kuchoma, huenda zao. Ukimsimamisha mmoja ukamuuliza makumbusho yenyewe yako wapi, anaweza kukuonyesha mabasi. Jina limehama kutoka kwenye kitu likaenda kwenye kituo. Si ajabu sana, majina ya mjini ndivyo yalivyo.

Lakini hebu tulitazame neno lenyewe, maana sisi watu wa vitabu hatuwezi kuliacha neno lipite hivihivi. Jina ambalo Wazungu wengi hulitumia kwa nyumba hizi limetoka kwa Wagiriki, nalo lilimaanisha makao ya miungu wa kike wa sanaa na elimu. Kwa hiyo mzizi wake ni mahali. Sisi mzizi wetu ni kitendo: kumbuka, kumbusha, makumbusho. (Kenya utasikia pia makavazi, neno ambalo huku kwetu tumezoea kulitumia kwa hifadhi ya nyaraka.) Na kitendo cha kukumbusha kina masharti yake. Huwezi kumkumbusha mtu jambo ambalo hakuwahi kulijua. Hapo utakuwa unamwambia tu. Kukumbusha kunataka mtu ambaye alijua, akasahau, sasa anarudishiwa. Basi swali linajileta lenyewe: makumbusho ya Dar es Salaam yanamkumbusha nani?

Nimelipima swali hili kwa kuchagua mahali pamoja, mbali na bahari kadiri inavyowezekana, nikafuata vitu vilivyotoka huko hadi mjini. Mahali penyewe ni Piyaya.

Piyaya si Kusadikika. Ipo kwenye ramani. Ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, nchi ya Wamaasai na ng'ombe wao, mashariki ya Hifadhi ya Serengeti, katika zile mbuga za majani mafupi ambako nyumbu huja kuzalia miezi ya mwanzo wa mwaka. Kusini kwake ipo milima ya Gol. Ukiivuka milima ukaendelea kusini utafika kwenye korongo la Oldupai, na mbele zaidi Laetoli. Upande wa mashariki nchi inashuka kwenda Ziwa Natron, na karibu na ziwa hilo kuna mahali panaitwa Peninj. Majina haya matatu, Oldupai, Laetoli na Peninj, yamo katika vitabu vya chanzo cha binadamu duniani kote. Mtoto wa Piyaya anayajua kwa namna nyingine: hapa kuna maji wakati fulani, hapa kuna magadi, hapa usipeleke ndama.

Tuanze na jina, maana wizi wa kwanza, kama ni wizi, ulikuwa wa herufi. Mwaka 1911 daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, alikuwa katika pande hizi akichunguza malale. Alifika kwenye korongo, akaona mifupa iliyogeuka mawe, akauliza pale panaitwaje. Wamaasai wakamwambia Oldupai, yaani mkonge wa porini, mmea wenye majani kama mikuki uliojaa kila mahali kwenye kingo zile. Yeye akasikia Olduvai. Akaandika alivyosikia, na dunia ikasoma alivyoandika. Kuna hadithi inayopendwa kwamba alikuwa anamkimbiza kipepeo akaponea chupuchupu kutumbukia korongoni. Iwe kweli au isiwe, mifupa aliyoikusanya ilikwenda Berlin, na Berlin wakashtuka.

Miaka miwili baadaye, 1913, akaja Hans Reck, mtaalamu wa miamba. Reck alikusanya visukuku vingi vya wanyama, na mwishowe akakuta kiunzi cha mtu, amekunjwa kama aliyelala. Kikakatwa pamoja na udongo wake, kikasafirishwa Ujerumani, na kwa miaka kadhaa wataalamu wakabishana kama yule ni mtu wa kale sana au wa juzi. Baadaye ikaonekana alikuwa mtu kama sisi, aliyezikwa kwenye tabaka la zamani kuliko yeye, miaka takriban 17,000 iliyopita. Fuvu lake lipo Munich hadi leo. Sehemu kubwa ya mwili ilipotea katika Vita Kuu ya Pili. Ndiyo hivyo: mtu aliyezikwa Oldupai na watu wake, wakamkunja kwa mikono yao, akaja kupoteza mwili wake katika vita vya Ulaya.

Miaka hiyohiyo, kule kusini Tendaguru karibu na Lindi, Wajerumani walikuwa wanachimbua mijusi mikubwa ya kale. Kati ya 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi hadi bandarini. Mjusi mmoja amesimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu umepita mita 13, na hakuna kiunzi cha mjusi wa kale kilichosimamishwa kikaupita. Huyo anajulikana, Watanzania wameshamdai mpaka bungeni. Huyu wa Oldupai hadaiwi na mtu. Pengine kwa sababu mjusi ni mkubwa na hana ndugu.

Louis Leakey alifika Oldupai mwaka 1931, akiwa na Reck huyohuyo. Reck alikuwa ameshasema hakuna zana za mawe pale. Leakey akamwekea dau la pauni 10 kwamba atapata zana ndani ya saa 24, akashinda kirahisi: Reck alizoea zana za gumegume za Ulaya, na za Oldupai ni za mawe mengine, kwa hiyo alikuwa amezipita bila kuziona. Mimi nakipenda kisa hiki. Mtu anaweza kutembea miezi mitatu juu ya kitu asikione kwa sababu amekariri sura ya kwao.

Halafu 17 Julai 1959. Louis alikuwa kambini anaumwa, Mary Leakey akatoka na mbwa wake, akaona meno yametokeza ardhini. Lilikuwa fuvu, limevunjika vipande mamia, wakaliunganisha. Baadaye vipimo vya majivu ya volkano vilivyotangazwa mwaka 1961 vilionyesha umri wake ni miaka milioni 1.75, wakati wataalamu wengi walikuwa wanawaza kama nusu milioni hivi. Jina likawa Zinjanthropus boisei. Lichambue uone. Zinj ni jina la kale la Kiarabu la pwani yetu na watu wake, ndilo lililomo pia ndani ya neno Zanzibar. Sehemu ya pili ni ya Kigiriki, maana yake mtu. Na boisei ni heshima kwa Charles Boise wa London, aliyetoa fedha za uchimbaji. Kwa hiyo marehemu wa Oldupai amepewa jina la Kiarabu la pwani asiyoijua, neno la Kigiriki, na jina la mfadhili. La Kimaasai halimo. Baadaye wataalamu wakamhamishia ukoo mwingine, siku hizi wengi wanamwita Paranthropus boisei, na hata ile Zinj imebaki kama jina la utani.

Mwaka huohuo, 1959, kulitokea jambo jingine, na hapa naomba msomaji anivumilie maana vitabu vingi vya mifupa hulipita kwa mstari mmoja. Serengeti iligawanywa. Mwaka mmoja kabla, 1958, wazee wa Kimaasai waliwekewa mkataba mbele yao, wakatia alama, kwamba watahama upande wa magharibi uliokuwa unakuwa hifadhi ya wanyama peke yao. Upande wa mashariki ukawa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, mahali ambapo watu, mifugo na wanyamapori wangekaa pamoja. Familia zikahama na ng'ombe wao. Yaani mwaka ambao dunia ilishangilia kwamba mtu wa kale alikaa pande hizi ndio mwaka ambao waliokuwa wanakaa walihesabiwa upya na kuonyeshwa mpaka. Sisemi Mary Leakey alipanga. Nasema kalenda ni ileile.

Fuvu lenyewe lilisafiri. Mwezi wa nane mwaka huohuo Leakey alilibeba hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwenye mkutano wa wataalamu wa Afrika ya kale, wenzake wakaliona. Likazunguka, likakaa Nairobi. Mwaka 1965, nchi ikiwa imeshapata uhuru na Muungano, lilikabidhiwa Tanzania, likapata makao Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Jengo la kwanza la makumbusho hayo lilianzishwa 1934, likafunguliwa kwa watu 1940 kama kumbukumbu ya mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Nalo lipo Mtaa wa Shaaban Robert. Nikifika pale huwa natabasamu: mtu wa kale sana amewekwa kwenye mtaa wa mshairi.

Sasa niingie mjini.

Kariakoo, Upanga, Masaki, popote kwenye geti, duka au ghala, utawakuta vijana wa Kimaasai. Walinzi wengi wa usiku, wauza dawa za mizizi, wasusi wa nywele. Namfahamu mmoja aliyezaliwa Piyaya. Miaka mitatu analinda ghala, analala mchana, anatuma fedha nyumbani. Kazini kwake mpaka Mtaa wa Shaaban Robert ni mwendo wa miguu. Siku moja tukiwa tunakunywa chai nikamuuliza kama anajua kwamba jirani pale kuna mtu wa kwao. Akadhani namaanisha mlinzi mwenzake.

Tulipokwenda alivaa shuka yake na viatu vya matairi, fimbo akaiacha nje bila kuambiwa. Tukaingia kwenye ukumbi wa chanzo cha binadamu. Mimi nikasogea kwenye kioo kama ninavyofanya siku zote, yeye akabaki hatua tatu nyuma.

"Sogea basi," nikamwambia.

"Hapa panatosha, kaka. Kwetu mifupa ya mtu haitazamwitazamwi."

Sikuwa na la kusema. Kwa wazee wa Kimaasai mfu hatajwi hovyo hata jina lake, sembuse kukodolewa macho. Makumbusho yoyote duniani yamejengwa juu ya imani kwamba kutazama ni heshima. Yeye alikuwa amesimama na imani nyingine, kwamba heshima ni kugeuza uso. Tukakaa kimya kidogo, halafu akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa ya mfugaji.

"Alikuwa anakula nini huyu?"

Nikamweleza kwamba kwa ukubwa wa magego yale, wa kwanza kumchunguza walidhani anavunja kokwa, wakamtania kwa jina hilo. Uchunguzi wa karibuni wa meno unaelekeza kwenye majani na mimea ya nyasi.

"Majani," akasema, akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa. "Taya la chini liko wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo wageni wengi hawaulizi. Fuvu la Oldupai lilipatikana bila taya la chini. Taya la aina yake liliokotwa 1964, na aliyeliona alikuwa Mkenya, Kamoya Kimeu, kijana wa Kikamba aliyeanza kama kibarua wa kina Leakey akaja kuwa mmoja wa watafutaji visukuku hodari kuliko wote duniani. Nikamwambia liliokotwa Peninj.

"Peninj naijua! Si pale ukishuka kwenda Natron?"

Akaanza kunieleza njia. Wapi unapita na punda ukifuata magadi, wapi mto unakata wakati wa mvua, nani ana boma pale. Aliongea dakika kumi bila kupumua, hatua zake tatu zikawa moja. Mhudumu mmoja wa makumbusho akaja, mama mtu mzima, nikadhani anakuja kutuambia tupunguze sauti. Kumbe anataka kusikia. Akamuuliza, "Mwanangu, na huo mkonge wenyewe wa Oldupai mnaufanyia nini?" Akajibu kwamba majani yake hutoa kamba, na utomvu hufunga kidonda. Mama akamshukuru kwa kumwita baba.

Hapo ndipo swali langu la mwanzo liligeuka kichwa chini. Nilikwenda na kijana ili makumbusho yamkumbushe, na kwa robo saa nzima yeye ndiye aliyekuwa anayakumbusha makumbusho.

Baadaye nikamwonyesha kwenye simu picha ya nyayo za Laetoli. Huu mji wa Laetoli, kama naruhusiwa kuuita mji, umepata jina kutokana na ua jekundu la porini kwa Kimaasai. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilifukua pale njia ya nyayo yenye urefu wa mita zipatazo 27, viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano, miaka milioni 3.66 iliyopita. Zikapigwa picha, zikatolewa nakala, zikafukiwa tena ili zisiharibike. Katikati ya miaka ya tisini zikafukuliwa na kufukiwa upya kwa uangalifu zaidi, maana miti ya migunga ilikuwa imeanza kuota juu yake. Yeye akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisoma kama unavyosoma ujumbe.

"Hawakuwa wanakimbia," akasema.

"Wataalamu nao wanasema hivyohivyo."

"Walikuwa wanaelekea wapi?"

"Kaskazini."

"Kaskazini ndiko kwetu."

Na nisikudanganye, msomaji, ukadhani tulitoka pale tumejaa falsafa. Kitu kilichomshika muda mrefu kuliko vyote kilikuwa magari. Makumbusho yana magari ya zamani ya viongozi, likiwemo Rolls-Royce la enzi za magavana ambalo baadaye lilimtumikia Mwalimu Nyerere. Alilizunguka mara nne. Akauliza linakula mafuta kiasi gani. Kwenye bustani ya kumbukumbu ya waliouawa katika shambulio la ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998, alivua kofia na kupita taratibu, bila swali.

Wiki chache baadaye tukaenda Kijitonyama, kwenye kile kijiji kilicholipa stendi jina lake. Kijiji cha Makumbusho kilianzishwa miaka ya sitini, na wazo lake lilikuwa zuri na jasiri: nyumba za makabila mbalimbali zijengwe kwa ukubwa wake halisi, kwa miti, udongo na nyasi, mtu wa mjini aingie, ainame mlangoni, anuse moshi. Mtaifa mchanga alitaka kujiona wote kwa pamoja kwenye uwanja mmoja. Unatoka kwa Wahaya unaingia kwa Wanyakyusa, hatua thelathini tu, safari ambayo kwa basi ni siku mbili. Kijana wangu aliangalia mafundi wanaume wanaezeka paa akacheka sana. "Kwetu nyumba wanajenga akina mama," akasema. "Mwanaume ukishika kinyesi cha ng'ombe ukapaka ukuta, watu watakusimulia mpaka Loliondo."

Lakini miaka hiyohiyo ya sitini ina upande wake wa pili. Mwishoni mwa 1967 na kuingia 1968 serikali iliendesha kampeni katika Mkoa wa Arusha ya kuwataka Wamaasai waache lubega, waache kujipaka mafuta na udongo mwekundu, wavae suruali na magauni kama raia wa taifa linaloendelea. Watu waliitwa mikutanoni, wakakatazwa kupanda mabasi au kuingia mjini kwa mavazi yao. Ulikuwa mwaka wa Azimio. Azimio lenyewe lilipitishwa Arusha Januari 1967, na jengo lililohusika nalo ndilo makumbusho siku hizi, karibu na mnara wa Mwenge. Ukipita Arusha uingie, halichukui muda. Sasa weka mambo mawili pamoja. Dar es Salaam taifa linajenga kijiji cha kuhifadhi nyumba za mababu. Arusha taifa hilohilo linamwambia Mmaasai aliye hai avue shuka. Kilichokuwa aibu mwilini kilikuwa fahari kwenye kioo.

Leo shuka ileile ipo kwenye mabango ya utalii, kwenye ndege, kwenye kalenda za benki. Hakuna aliyetangaza kwamba kampeni imekwisha. Ilififia tu, na soko likageuza bei.

Kuna vitu vingine vya Wamaasai ambavyo hata Dar es Salaam havikufika. Mwaka 2017 Samwel Nangiria, Mmaasai wa Loliondo, alitembelea makumbusho ya Pitt Rivers pale Oxford. Akakuta vitu vya kwao kabatini, na kati yake vipo ambavyo kwa desturi haviuzwi wala havitolewi zawadi. Mtoto hurithi kwa baba, na kuviona pale maana yake kuna aliyefanyiwa jambo baya. Akahoji. Wajumbe wa Kimaasai kutoka Tanzania na Kenya wakaenda mara kadhaa, wakiwa na laiboni, wakavitambua vitu vitano vya namna hiyo, na mazungumzo yakaanza baina ya makumbusho na familia husika. Mazungumzo hayo yalifika hadi kwenye ng'ombe, na hilo nalipenda kuliko yote. Kwa Mmaasai damu ya mtu hulipwa kwa ng'ombe, si kwa barua ya kuomba radhi, na Waingereza wale walikuja hadi mabomani mwaka 2023 kufanya suluhu kwa mtindo huo, ng'ombe wakakabidhiwa. Makumbusho ya Ulaya yakalipa faini ya kimila. Nadhani Kattwinkel angesikia vibaya hilo neno pia.

Hapa lazima nirudi Piyaya, maana historia haikuishia 1959. Juni 2022 mpaka mwingine ulichorwa. Kilomita za mraba 1,500 za Loliondo na Sale zilitengwa, likawa Pori la Akiba la Pololeti, na Piyaya ni miongoni mwa vijiji vilivyoguswa. Mwezi huohuo familia za kwanza kutoka ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro zilianza kuhamia Msomera, Handeni, mkoani Tanga. Serikali ilisema watu na mifugo vimezidi uwezo wa ardhi na kwamba uhamaji ni wa hiari. Wakazi wengi na watetezi wao walipinga, mahakamani na barabarani. Msomaji ana macho na magazeti, atajisomea. Mimi nabaki na jambo moja dogo la lugha. Familia iliyohamia Handeni itamwambiaje mtoto maana ya Oldupai? Mmea wenyewe unaota sehemu nyingi, hilo si tatizo. Lakini Oldupai ni jina la mahali ambapo bibi alisema "pale", akanyoosha mkono. Ukiondoa mkono na pale, linabaki neno. Na neno lisilo na pale ndilo hasa huishia kwenye kadi ndogo chini ya kioo.

Nilimuuliza kijana wangu kama kwao wamehama. Akasema mjomba mmoja ameenda, nyumba ni ya bati, maji yapo. "Ila ng'ombe hawajui njia," akaongeza, akabadili mazungumzo.

Kama hujawahi kufika huko, barabara ni hii: Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, geti la Loduare, ukingo wa kreta, halafu unateremka kwenda kwenye mbuga. Tangu 2019 njiapanda ya kwenda korongoni imesimamishwa mafuvu mawili makubwa ya zege, la Zinj na la Homo habilis, yanatazama barabara. Makumbusho mapya ya Oldupai yaliyofunguliwa 2017 yapo ukingoni kabisa, na ndiyo makumbusho pekee niyajuayo ambapo ukimaliza kusoma maelezo unageuka na kulitazama jambo lenyewe limelala mbele yako, matabaka kwa matabaka, jekundu, kijivu, jeupe. Waongozaji wengi pale ni vijana wa Kimaasai. Wao hutamka Oldupai, mgeni akitamka Olduvai humsahihisha kwa upole, mara moja tu.

Na ukiwa na gari zuri na mwenyeji wa kukuongoza, usiishie hapo. Endelea kaskazini kwenda milima ya Gol mpaka kwenye mwamba wa Nasera. Ni jiwe moja kubwa mno limesimama peke yake kwenye uwanda, na chini yake kuna mwavuli wa mwamba ambapo watu wamekaa tangu Zama za Mawe. Leakey alichimba pale 1932, akauita mwamba wa nyuki, na miaka ya sabini wataalamu wengine wakarudi kuchimba zaidi. Walikuta tabaka juu ya tabaka la zana, vigae na mifupa ya wanyama walioliwa. Jua likikaza wachungaji huingiza mbuzi kivulini mwa mwamba huohuo. Hakuna kioo wala kadi. Majivu ya moto wa juzi yapo pembeni, na ukiuliza ni ya nani, mtu atakutajia jina.